Neno Nililommalizia Dubow

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa kabati na muhuri wa ofisi, nikatia sahihi mahali pa kutia sahihi, nikatoka. Vijana wa meza ya ukalimani wakanifuata hadi langoni wakaniomba niwaandikie niliyoyaona tangu siku ya kwanza. Nadhani walitaka kanuni. Kanuni nilizo nazo ni chache, na nyingi nilizipata kwa kukosea, kwa hiyo nitawaandikia makosa. Moja litachukua nafasi kubwa kuliko mengine, maana ndilo lililonifundisha kazi.

Mimi ni Mpokomo wa kijiji kilicho kando ya Mto Tana, chini ya Garissa. Mjomba wangu alikuwa na ghala la ngozi pale mjini, nami nikakulia humo, katikati ya ngozi za mbuzi na watoto wa Kisomali. Kisomali nilijifunza kwa kugombana, na sijaona njia ya haraka kuliko hiyo. Bendera ilipopandishwa Nairobi, kwetu vita vya shifta, wale waasi wa mpakani, vilikuwa vimekwisha kuanza, na serikali ilikuwa inatafuta mtu yeyote mwenye ndimi mbili na suruali safi. Mtihani wangu ulikuwa mfupi. Bwana shauri aliniambia nimwombe bibi mmoja muuza maziwa aondoke kwenye kivuli cha ofisi. Nikamwomba. Bibi akajibu kwa maneno mengi. Bwana shauri akauliza amesema nini, nikamwambia amesema atafikiria. Nikaandikwa kazi siku ileile. Alichosema bibi yule hasa sijakifasiri mpaka leo.

Aliyenifundisha ni Mzee Bwanaheri, mtu wa Lamu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa amewakalimania mabwana shauri wanne, wote wakaondoka, yeye akabaki na kabati. Asubuhi ya kwanza alinionyesha vyombo vya kazi: msahafu uliofungwa kitambaa cha kijani kwa ajili ya viapo, kikombe cha bati cha maji, penseli iliyofungwa kamba mezani kwa sababu maofisa huondoka na penseli, na kigoda. Kigoda kilikuwa kifupi makusudi. Mkalimani, aliniambia, akae chini ya wote wawili, ili maneno yapite juu ya kichwa chake. "Wewe ni mfereji," alisema. "Mfereji haunywi maji."

Nilimsikia, lakini nilikuwa na miaka ishirini na moja, na nilikuwa na kipaji kimoja kilichowapendeza maofisa: wepesi. Mzee Bwanaheri alikuwa akisubiri mtu amalize, anakohoa, ndipo anaanza. Mimi nilikuwa naanza Kiswahili kabla Kisomali hakijaisha. Maofisa wakawa wananiita mimi. Nilijiona bingwa. Hata nilinunua viatu.

Sitawaficha kwamba miaka ile ilikuwa migumu. Magari yalitembea kwa msafara, barabara zilikuwa na vizuizi, na kila mara tukio likitokea, waliokutwa karibu na barabara walikusanywa na kuletwa kituoni kuhojiwa. Wengi wao walikuwa wachungaji ambao kosa lao lilikuwa kuwa na mifugo mahali palipo na nyasi. Hata hivyo watu waliendelea kuoa, kuuza mbuzi na kutaniana, na nikikumbuka sauti za siku zile nakumbuka kicheko zaidi ya risasi. Labda ni uzee.

Asubuhi moja lori la mahindi lilifyatuliwa risasi kwenye barabara ya kwenda Wajir. Hakuna aliyekufa. Alasiri polisi wakaleta watu tisa, na mmoja wao alikuwa Dubow, mtu wa makamo, mrefu, mwenye ngamia kumi na wanne ambao nao waliletwa wakafungiwa nyuma ya kituo. Aliyehoji ni Inspekta Mutiso, mtu wa bara, si mkali kwa tabia, ila alikuwa hajalala siku mbili. Aliweka saa yake mezani. Wanane wa kwanza tuliwamaliza upesi. Akaja Dubow.

Inspekta akauliza, asubuhi ile ameona watu wangapi wenye bunduki. Nikauliza kwa Kisomali. Dubow akafungua mdomo. "Sa," alisema. "Sa… sa… sa…" Macho yalifumba, shingo ikakaza, na kidevu kikashuka kifuani mara mbili, kwa nguvu, kama mtu anayekubali.

Nilidhani ni hofu. Watu wengi walikwama mbele ya meza ile, nami nilizoea kuwasaidia. Kwa Kisomali tatu ni *saddex*. Nikageuka kwa Inspekta nikasema, "Anasema aliwaona watatu."

Inspekta akaandika. Akauliza walielekea wapi. Dubow, aliyejua Kiswahili cha sokoni kidogo, alinitazama. Sura ile naikumbuka: haikuwa hasira, ilikuwa kama ya mtu aliyeona mzigo wake ukipakiwa kwenye gari la mwenzake. Akajaribu tena, safari hii hata sauti haikutoka, ila kidevu kile kikishuka na kupanda. Nikasubiri kwa muda ambao niliuona mrefu. Kisha nikasema, "Hataki kusema."

Hakuwa amesema kwamba hataki. Hakuwa amesema chochote. Lakini likaandikwa hivyo: ameona watatu, na anaficha walikokwenda. Wanane wakaachiliwa jioni ile. Dubow akabaki, na ikaamriwa aondoke na lori la Alhamisi kupelekwa kizuizini mbali na kwao. Ilikuwa Jumapili.

Jumatatu asubuhi nilitumwa nyuma ya kituo kunakili alama za ngamia wake, kwa ajili ya kumbukumbu. Walikuwa wamemtoa Dubow chini ya ulinzi awanyweshe, kwa kuwa askari wote pale walikuwa watu wa mashambani na hakuna aliyetaka kumkaribia ngamia. Alikuwa anachota maji ya pipa kwa ndoo ya ngozi na kuyamwaga birikani, huku anaimba. Wachungaji wa Kisomali huwaimbia ngamia wakinywa, kila mmoja na maneno yake. Nilisimama na daftari. Sauti ilikuwa nzuri, na maneno yalitoka yakifuatana bila kukwaruza, kama maji yenyewe. Nikaanza kuyafasiri kichwani, kwa mazoea tu.

Kunyweni polepole, aliimba, hakuna anayewamalizia maji. Asubuhi ile sikuona mtu, niliona ndege na vumbi. Ulimi wangu ulikuwa bado njiani, na ulimi wa mtu wa mtoni ukafika kabla yake.

Mtu wa mtoni nilikuwa mimi. Masikio yaliniwaka.

Nikamwendea, nikamuuliza jana alitaka kusema nini. Aliacha kuimba, na mara moja ile shingo ikakaza. Nilitamani kumsaidia, neno lilikuwa pale, naliona kabisa, na mdomo wangu ulijaa maneno yangu. Nikajiuma ulimi nikasubiri. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yangu kumsubiri mtu kweli. Ngamia wawili walimaliza kunywa. Kisha likatoka.

"Sa… *saaka*," alisema. *Saaka* ni asubuhi ya leo. Na baada yake, polepole, yaliyobaki: asubuhi ya leo sikumwona mtu yeyote.

Nilimkuta Mzee Bwanaheri ananawa kwa ajili ya chakula cha mchana. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kunawa hadi viwiko, akafuta mikono, akasema, "Umeandika uongo kwa mkono wa serikali. Nenda ukaufute."

Nikamuuliza itakuwaje wakinifukuza.

"Watakuwa wamemfukuza mtu mkweli. Ni afadhali kuliko kumbakiza huyo wa jana." Akavuta sahani yake. Nilipofika mlangoni akaongeza kwamba nikifukuzwa nimwachie kigoda changu, maana chake kilikuwa kimelegea mguu.

Inspekta Mutiso alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia kosa ni langu, kwamba mtu yule ana kigugumizi, kwamba sikungoja, kwamba kichwa kile hakikuwa kinakubali. Nikamwambia pia jinsi nilivyogundua, kwa kusikia wimbo. Hapo nikaharibu.

"Anaimba vizuri?" akauliza.

"Vizuri sana, afande."

"Bila kukwama hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Inspekta akaegemea kiti. "Sasa wewe fikiria. Mtu akiweza kuimba anaweza kusema. Mbele ya ngamia ana ulimi, mbele yangu hana. Huyo anatuchezea."

Kwa kweli hoja ilikuwa nzuri, na mimi mwenyewe nilianza kuwa na shaka. Nikabaki nimesimama nikishika kofia, nikitafuta neno, na kwa mara ya kwanza nikakwama mimi. Kisha nikakumbuka jambo lililokuwa kwenye daftari langu tangu Jumapili. Dubow alipoletwa, mmoja wa wale wenzake ndiye aliyetaja jina lake, akasema ni wa watu wa Shigshigow. Nililiandika kama jina la babu yeyote. Lakini *shigshig* kwa Kisomali ni kigugumizi, na Wasomali hawampi mtu jina la utani bila sababu. Babu wa babu yake Dubow aliitwa Mwenye Kigugumizi. Nikamwambia Inspekta: mtu anaweza kuigiza, lakini hawezi kuigiza tangu kabla hajazaliwa. Naomba niwalete watu wa nyumbani kwake.

Akaitazama saa yake iliyokuwa mezani. Akanipa konstebo mmoja na siku ya Jumanne.

Watu wa Dubow walikuwa katika bulla moja nje ya mji, mahali familia za kando ya barabara zilipokusanywa kukaa pamoja. Tuliuliza nyumba ya Shigshigow tukaonyeshwa bila swali. Mlangoni tulimkuta mwanamke anakamua mbuzi, dada yake Dubow, nikamsalimu. Alianza kunijibu. Alianza tena. Konstebo alikuwa amewasha sigara tulipofika. Alipoizima, salamu ilikuwa ndiyo kwanza imefika, kamili, na haikupungua hata jina moja la kuniulizia hali. Konstebo akaninong'oneza, "Kweli bwana, ni nyumba nzima."

Haikuwa nyumba nzima, na hilo ndilo lililonishangaza. Tulikaribishwa chai ya maziwa na mama yake Dubow, waliyemwita Ayeeyo Barwaqo, yaani Bibi Barwaqo, mwanamke mdogo wa mwili mwenye macho ya kuchekacheka. Yeye mwenyewe alikuwa nacho kigugumizi, cha utu uzima, kilichotulia. Aliingia nacho kwenye neno na kutoka nacho kama mtu anayevuka kijito anachokijua. Alinieleza kwamba kilikuwa cha baba yake, na cha baba wa baba yake. Mumewe, ambaye alikuwa binamu yake wa mbali, alikuwa nacho vilevile. Alizaa watoto sita. Wanne walianza kukwama walipokuwa wanaanza kuunga maneno. Wawili kiliwaacha wakati wa kung'oka meno, hakuna aliyejua kwa nini. Wawili kikabaki nao: Dubow, na huyu dada yake. Kwa Dubow walijaribu kisomo cha maji ya zafarani, wakajaribu jiwe la mtoni chini ya ulimi, na mtu mmoja alitaka kumchoma chuma cha moto shingoni, Ayeeyo akamfukuza kwa fimbo.

Nikamuuliza, mwishowe walifanya nini.

"Tuli… tulinyamaza," alisema, "mpaka amalize."

Niliona jinsi walivyofanya. Mke wa Dubow, Khadija, hakuwa na kigugumizi, na alikuwa msemaji hodari. Lakini mtu wa nyumba ile akikwama, Khadija alisimama na alichoshika mkononi, akingoja bila kuonyesha kwamba anangoja, kama mtu anayeangalia maziwa yasije yakachemka yakamwagika. Hakuna aliyemmalizia mwenziwe neno. Kila mtu aliongea, tena sana, na hakuna aliyekuwa na haraka, na mazungumzo ya nusu saa yalichukua saa mbili. Nilicheka siku ile kuliko nilivyocheka mwezi mzima. Ayeeyo alikuwa anajua kutumia kukwama kwake: alikwama kabla ya neno la kuchekesha hasa, wote wakiwa wameinama kumsubiri, kisha akaliangusha.

Mtoto mkubwa wa Dubow alikuwa msichana wa miaka saba, Hodan. Nilimuuliza umri. Alifungua mdomo, na kidevu kile kikashuka kifuani, mara mbili, macho yamefumba. Kilikuwa kidevu cha baba yake. Nikaweka kikombe chini.

Ayeeyo alikubali kuja mjini kwa sharti moja. Alitaka kwanza ngamia waachiliwe, ndipo mwanawe. Mwanawe, alisema, ni mtu mzima, anajua kujilisha.

Basi Jumatano asubuhi mbele ya meza ya Inspekta walisimama bibi, mwanawe na mjukuu. Mzee Bwanaheri alikuja kusikiliza, akakaa kwenye kigoda changu, kwa hiyo nilikalimani nikiwa nimechuchumaa. Inspekta aliwatazama watatu wale, akaanza na mdogo, kwa werevu wake mwenyewe, na kwa jambo lisilomhusu shifta yeyote. Akamuuliza Hodan bibi yake ana mbuzi wangapi.

Nikauliza. Hodan akashika shuka la bibi yake. Kidevu kikashuka. Nilisikia viatu vya Inspekta vikisogea chini ya meza, na nilijua amekiona. Hodan alijaribu mara ya pili, ya tatu. Mdomo wangu ulikuwa kimya kama sanduku. Kisha mtoto akasema mbuzi ni kumi na mmoja, na kwamba mmoja ana pembe moja, na kwamba huyo mwenye pembe moja ndiye mwenye tabia mbaya. Nikafasiri yote. Inspekta akauliza tabia mbaya gani. Ilichukua muda kidogo kuelezwa.

Akageukia bibi, akauliza ni nani aliyemfundisha mtoto huyu kufanya kichwa hivyo.

"Nili… nilimwuliza Mungu swali hilo hilo," Ayeeyo alisema, "kuhusu babu yake." Naye alipokuwa anasema, kidevu chake kikashuka, kidogo tu, kilichozeeka, lakini kilekile.

Inspekta akachukua ile saa mezani akaitia mfukoni. Akamwambia Dubow aketi, akaniambia nirudie swali la Jumapili neno kwa neno, na akaongeza kwamba safari hii hata mimi nisipumue kwa sauti.

Jibu la Dubow lilichukua muda mrefu kuliko mahojiano ya wale wanane kwa pamoja. Asubuhi ile hakumwona mtu yeyote. Tangu alfajiri mpaka jua la utosi alikuwa kwenye kisima cha pampu cha serikali, mbali na barabara, akingoja zamu ya ngamia wake, na mwenye pampu alimwona, tena waligombana kuhusu zamu. Aliingia barabarani mchana, lori likiwa limekwisha kupigwa risasi.

Kwa nini hakuyasema hayo Jumapili, Inspekta akauliza. Nilifasiri swali lile nikiwa nimeinamisha kichwa. Dubow hakunitaja. Alisema alikuwa amefika kwenye neno la kwanza.

Mwenye pampu aliletwa mchana, mzee wa Kisomali mwenye mafuta ya mashine mpaka kwenye ndevu, aliyejivunia kuzungumza Kiswahili na polisi bila mkalimani. "Afande, huyu mtu mimi najua," alisema. "Alikuwa kwa bambu yangu tangu asubuhi mabema. Ana kelele sana. Hawezi sema, lakini ana kelele."

Jioni ile Dubow aliachiliwa pamoja na ngamia wote kumi na wanne. Inspekta alifungua lile daftari la mahojiano, akaniambia nisahihishe mwenyewe. Nikakata mistari miwili, nikaandika juu yake kwamba mkalimani alikosea, nikatia jina langu. Hakuniambia neno zaidi, na sikufukuzwa. Ila tangu siku hiyo saa yake haikuwekwa mezani tena, na wale maofisa wengine walipolalamika kwamba nimekuwa mzito, alisema ndivyo anavyonipenda.

Dubow alinisubiri langoni. Nilimwomba msamaha. Alianza kunijibu, nikasubiri, na jua likasogea kidogo. "Wewe ni mwepesi," alisema hatimaye. "Wepesi ni mzuri kwa swala wa porini." Akanishika mkono, akawafuata ngamia wake. Mzee Bwanaheri aliyapenda sana maneno hayo, akayarudia mbele ya kila mtu kwa mwaka mzima.

Miaka iliyofuata nilihamishwa Wajir, nikakaa Bute, nikakaa Lafey, nikarudi Garissa vita vikiwa vimekwisha na vijana wakiwa hawavikumbuki. Kila nilipokutana na mtu anayekwama, nilijifunza kuuliza, baada ya kazi, ni nani mwingine nyumbani. Karibu kila mara alikuwapo mwingine: baba, shangazi, mjomba, ndugu ambaye alikuwa nacho akiwa mdogo kikamwacha. Wajir nilimjua mchinjaji mwenye mvi aliyekwama kwa Kisomali, na rafiki yake Mborana aliyekwama kwa Kioromo, nao walipenda kukaa pamoja kwa sababu, walisema, wengine wote wana haraka kama wamevunja duka. Nikajua kwamba si hofu, ingawa hofu hukiongeza. Si uongo. Si upungufu wa akili, maana mchinjaji yule alinipunja nyama mara nyingi. Wala si kosa la mama, ingawa mama ndiye huulizwa kwanza. Mara moja alipita daktari mgeni akanieleza, kwa fahari, kwamba imegunduliwa kuwa hali hii hufuata damu ya familia, na kwamba watoto wengi huachana nayo lakini wengine huzeeka nayo. Nikamwambia Ayeeyo Barwaqo alinieleza hayo zamani, tena na chai.

Nilipokuwa msimamizi wa meza ya ukalimani, nafasi moja ikatangazwa, na kati ya waliokuja alikuwa mwanamke kijana mwenye vyeti vizuri, ajuaye Kisomali, Kiswahili na Kioromo cha Waborana. Tulikuwa watatu tukiwasaili. Mwenzetu mmoja, aliyetoka makao makuu, alimwuliza jina. Yeye akashusha kidevu kifuani, na mimi nikajua jina lake kabla hajalisema, na nikanyamaza.

"Ho… Ho…"

"Halima," alisema yule wa makao makuu, akiandika.

"Hapana, mzee," yule mwanamke akasema, bila ugomvi. "Nitalisema mwenyewe." Akalisema: Hodan.

Tulimpa jaribio, ugomvi wa kweli wa sokoni kati ya wauza miraa wawili. Alikwama mara kadhaa, ingawa katika maneno ya wengine alikwama kidogo kuliko katika yake. Hakuacha hata neno moja njiani. Alipotoka, yule mwenzetu alisema ni hodari, lakini mahakama haiwezi kumsubiri. Nikamwambia mimi nimefanya kazi hii miaka mingi, na madhara yote niliyoyaona yalifanywa na watu wasiosubiri, nikianza na mimi. Nikamsimulia habari ya Dubow. Alitaka kujua kama ile saa ilirudishwa mezani. Tukapiga kura, Hodan akapita.

Baadaye tu ndipo nilipoona faida ambayo hatukuitarajia. Watu wawili wanaogombana, kila mmoja akilazimika kumngoja Hodan, hupoa. Nimeona hasira ya mtu ikiisha katikati ya silabi. Katika mashauri ya talaka aliyoyakalimani, kadhaa yalimalizika kwa watu kurudi nyumbani pamoja, na hakimu hakujua aandike kifungu gani.

Katika wiki yangu ya mwisho kazini, Hodan, ambaye sasa ana familia yake, alikuja mlangoni kwangu mapema jioni. Aliniita adeer, kama siku zote, yaani baba mdogo, akasimama akishika fremu ya mlango. Akaniambia ameanza. Nikauliza nani. Akasema ni binti yake wa miaka minne. Alikwama mara ya kwanza siku ya Ijumaa, na tangu hapo ni kila siku, na kidevu nacho kimeanza kushuka.

Nikamuuliza yeye anajisikiaje. Alifikiri, kisha akajibu kwa taratibu yake.

"Nilidhani nitalia, adeer. Nilikaa kabisa tayari kulia. Lakini ana maneno mengi sana yule mtoto, sikupata nafasi."

Kisha akaomba ruhusa atoke nusu saa kabla ya wakati. Nikamwuliza kama mtoto ni mgonjwa.

"Hapana," alisema. "Asubuhi nilimwacha katikati ya hadithi yake. Nikichelewa, ataianza upya."